Kipimo cha ANA: mwongozo kamili wa kwenda kupima na kusoma majibu bila kupotea

Kila wiki kuna mtu anayesimama kwenye dirisha la maabara yetu na bahasha mkononi, uso umemshuka, na swali ni lile lile: "Dada, hapa wameandika ANA chanya. Ndiyo nina lupasi?" (ANA ni kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoshika viini vya seli za mwili wenyewe; lupasi ni ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo, figo na sehemu nyingine za mwili.) Halafu yupo mwingine, viungo vimemvimba hata kufunga vifungo vya shati hawezi, ambaye aliambiwa kipimo chake ni hasi akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Wote wawili wamesoma karatasi kabla ya kusoma mwili. Wa kwanza ameanza kulia kwa ugonjwa ambao huenda hana. Wa pili ameacha kutafuta ugonjwa ambao huenda anao.

Nimekaa kwenye chumba cha seroloji, tunapopima kingamwili kwenye damu, miaka ya kutosha kujua watu wanakwamia wapi. Hapa nafuata njia nzima, kuanzia nyumbani hadi siku ya kurudi kwa daktari na majibu. Mfano wangu mkuu ni ANA na lupasi kwa sababu ndiko makosa yalikojaa. Magonjwa mengine ambayo kinga ya mwili hujishambulia nimeyapa sehemu yake mbele.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Daftari au simu yenye kumbukumbu ya dalili zako, pamoja na tarehe.
- Picha za upele, uvimbe au vidole vilivyobadilika rangi, zilizopigwa siku zilipotokea. Upele una tabia ya kupotea siku ya kliniki.
- Dawa zote unazotumia, za hospitali, za dukani na za mitishamba. Beba maganda na chupa zenyewe.
- Majibu yote ya zamani. Karatasi halisi, siyo "waliniambia damu iko sawa".
- Historia ya uzazi kama wewe ni mwanamke: mimba ngapi, zilizoharibika ngapi, na katika wiki ya ngapi.
- Karatasi ya daktari inayoeleza kipimo na sababu ya kukiomba.
- Bei, iliyoulizwa mapema. Vipimo hivi si vya bei ya malaria, na maabara nyingi husafirisha sampuli kwenda mji mwingine au nje ya nchi, hivyo uliza pia majibu yatachukua siku ngapi na kama bima yako inalipia.

Kwa ANA huhitaji kufunga kula. Kunywa chai yako.

## Hatua ya 1: Andika dalili kwanza

Kaa chini siku moja, andika. Usitegemee kukumbuka mbele ya daktari. Muda wa kliniki huisha kabla hujafika kwenye vidonda vya mdomoni.

Viungo. Ni vipi hasa: vidole, vifundo vya mikono, magoti? Vinavimba au vinauma tu? Asubuhi vinakakamaa kwa muda gani? Tazama saa. Kukakamaa kwa dakika 30 au zaidi ni habari tofauti kabisa na maumivu ya mtu aliyeshinda shambani jana.

Ngozi. Hapa nakuomba usome taratibu. Picha nyingi za lupasi zinaonyesha kipepeo chekundu usoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni weusi uliokolea, zambarau au kahawia kwenye mashavu na juu ya pua, huku ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi kwenye midomo ikibaki bila upele. Wapo walioambiwa ni fangasi, wapo walioambiwa ni mkorogo umewaharibu, wakahangaika na mafuta ya kupaka mwaka mzima. Andika pia kama upele unazidi ukikaa juani, na kama una makovu kichwani ambapo nywele hazioti tena.

Vidole kwenye baridi. Iwe ni kiyoyozi cha ofisini Dar es Salaam au asubuhi ya Njombe na Limuru, vidole vinapauka, vinakuwa bluu, kisha vinarudi na maumivu? Kwa ngozi nyeusi tazama kucha na upande wa kiganja.

Mdomo. Washa tochi ya simu, mwambie mtu akuangalie kaakaa. Vidonda vya lupasi mara nyingi haviumi, ndiyo maana mwenyewe hajui anavyo.

Mkojo. Una povu ambalo halikatiki? Miguu au uso unavimba asubuhi?

Mengine. Homa isiyo na malaria, maumivu ya kifua ukivuta pumzi ndefu, nywele kunyonyoka, macho na mdomo kukauka, damu kuganda mguuni, degedege.

*Kwa nini hatua hii ni ya kwanza:* utafiti uliochapishwa mwaka 1997, ulioshirikisha maabara za nchi kadhaa, ulipima ANA za watu wenye afya. Katika kila watu 100, takriban 13 walitoka chanya kwa kiwango cha 1:80 (damu iliyozimuliwa mara 80, nitaeleza Hatua ya 5), 5 kwa 1:160, na 3 bado walikuwa chanya kwa 1:320. Hawa ni watu wazima, wasio na ugonjwa. Sasa tuchukulie mtaa una watu 1,000 na mmoja tu ndiye mwenye lupasi. Ukiwapima wote kwa 1:80 utapata karatasi zaidi ya 130 zenye neno chanya, na mgonjwa wako amezama humo ndani. Atakayemtoa ni dalili zake.

*Umefaulu ukiweza* kusema kwa sentensi tatu kinachokusumbua ni nini, kilianza lini, na kimegusa sehemu zipi za mwili.

## Hatua ya 2: Ondoa kwanza yanayofanana

Kwetu hatua hii haina mjadala. Mwili unaopigana na maambukizi hutengeneza kingamwili za kila aina, na baadhi hugeukia seli za mwili wenyewe kwa muda. Malaria, kifua kikuu, VVU, homa ya ini ya B na C na maambukizi ya valvu za moyo vyote vinaweza kukupa ANA au RF (kingamwili inayopimwa kwa baridi yabisi) iliyo chanya. Baadhi ya magonjwa hayo pia yanaleta homa, uchovu, kukonda na viungo kuuma, yaani sura ile ile ya lupasi.

Kwa hiyo hakikisha kipimo cha malaria, cha VVU, cha homa ya ini, na uchunguzi wa kifua kikuu vimefanyika au vimefikiriwa.

Onyo. Ukipewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayopunguza nguvu ya kinga, kwa sababu ya karatasi ya ANA huku una kifua kikuu kilichojificha, kifua kikuu hicho kitafunguliwa mlango.

Angalia pia dawa. Isoniazidi, inayotumika sana kutibu na kukinga kifua kikuu, inaweza kuleta ANA chanya na mara chache hali inayofanana na lupasi. Haidralazini ya shinikizo la damu nayo ni hivyo, na minosaiklini pia. Usiache dawa yoyote kwa kusoma haya; kuacha dawa ya kifua kikuu njiani ni hatari kubwa kuliko ANA yenyewe. Kazi yako ni kumwambia daktari unaitumia na tangu lini.

Halafu kuna zile dawa za viungo zisizo na lebo, zinazouzwa kwa maneno matamu kuwa "zinamaliza maumivu siku moja". Dawa ya kienyeji inayokata uvimbe kwa usiku mmoja inawezekana imechanganywa na deksamethasoni au steroidi nyingine. Ikikutuliza wiki ya kupima, dalili zinafichika na daktari anaona mtu mzima kabisa. Taja ulichokunywa, hata kama unaona aibu.

Na jambo moja linaloniuma. Kipimo cha kaswende cha VDRL au RPR kinaweza kutoka chanya kwa mwanamke mwenye lupasi au mwenye kingamwili za fosfolipidi (zinazohusishwa na damu kuganda na mimba kuharibika), bila yeye kuwahi kuwa na kaswende maishani. Karatasi ile ikifika nyumbani mikononi mwa mume, ugomvi unaanza. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, damu ipimwe kwa kipimo cha kuthibitisha, kama TPHA. RPR ikiwa chanya na TPHA hasi, hasa kwa mtu aliyewahi kupoteza mimba, daktari anapaswa kuzifikiria kingamwili hizo.

*Umefaulu* pale maambukizi ya kawaida yamepimwa na daktari ana orodha kamili ya dawa zako.

## Hatua ya 3: Hakikisha kipimo kina swali

Usiende maabara kununua "kifurushi kizima cha kingamwili". Muulize daktari maneno haya: "Daktari, tunatafuta ugonjwa gani, na majibu yakiwa hasi tutafanya nini?" Ni swali la heshima, na daktari mzuri hulipenda.

Kwa anayeshukiwa kuwa na lupasi, mwanzo wa busara ni huu: ANA, picha kamili ya damu, kreatinini ya figo, na kipimo cha mkojo. Vile vipimo vidogo vya kingamwili moja moja, kama dsDNA na Sm, vinasubiri ANA itoke chanya. Ushauri huu ulitolewa na chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani mwaka 2013, na sababu ni ya kawaida kabisa: ANA ikiwa hasi, vingine karibu vyote vitakuwa hasi, na fedha imekwenda.

Ipo tofauti kidogo. Kingamwili ya Ro na ile ya Jo-1 zinaweza kuwepo huku ANA ikionekana hasi. Mtu mwenye macho na mdomo vikavu sana, au misuli iliyolegea asiweze kuinuka kwenye kiti bila kujishika, daktari anaweza kuziomba hivyo hivyo.

Nisemee kidogo kipimo cha mkojo, maana watu hukidharau kwa sababu ni rahisi. Lupasi inayoua mara nyingi inapitia kwenye figo, na figo haziumi. Kipande kile cha karatasi kinachochovywa kwenye kikopo cha mkojo kinaweza kuona protini na damu wakati wewe bado unajisikia vizuri. Kama fedha inatosha vitu viwili tu, mkojo uwe kimojawapo.

## Hatua ya 4: Siku ya kutoa damu

1. Taja majina yako kama yalivyo kwenye faili, na angalia chupa ikiandikwa mbele yako. Sampuli iliyobadilishana jina ni kosa ambalo hakuna mashine ya kulirekebisha.
2. ANA hutolewa kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha njano, ambamo damu huachwa igande ipatikane seramu. Picha kamili ya damu ni kifuniko cha zambarau. Kipimo cha kuganda kinachoitwa lupasi antikoagulanti kinatumia kifuniko cha bluu, na chupa hiyo lazima ijazwe hadi kwenye mstari.
3. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sema kabla ya sindano. Dawa hizo huvuruga kipimo cha chupa ya bluu na kukifanya kionekane chanya.
4. Kama unameza vitamini ya bayotini kwa ajili ya nywele na kucha, taja. Kwa kiwango kikubwa inapotosha baadhi ya vipimo vya mashine, hasa vya tezi na homoni. Maabara itakuambia uiache siku ngapi.
5. Usiache prednisoloni ghafla ili "damu iwe safi". Mwili ulioizoea unaweza kuanguka. Taja dozi yako, inatosha.
6. Uliza: "ANA hii mnapima kwa hadubini au kwa mashine?" Andika jibu.

Swali la sita watu wengi hawalijui. Mashine za ELISA ni za haraka, lakini zinabeba orodha fulani tu ya shabaha, hivyo zinaweza kupitwa na kingamwili ambayo hadubini ingeiona. Pia namba za mashine moja hazilingani na za mashine nyingine. Kama dalili ni nzito na jibu la mashine ni hasi, omba ile ya hadubini kwa seli za HEp-2, yaani seli za binadamu zilizokuzwa maabara.

## Hatua ya 5: Jua kinachofanyika nyuma ya dirisha

Naieleza hii kwa sababu ukishaiona kwa akili yako, karatasi inasomeka yenyewe.

Seramu yako inazimuliwa: sehemu moja inaongezewa majimaji hadi zitimie sehemu 80. Hiyo ndiyo 1:80. Tone lake linawekwa juu ya kioo chenye seli za binadamu zilizokuzwa maabara. Linaachwa karibu nusu saa. Kama una kingamwili zinazokipenda kiini cha seli, zinakishika. Tunasuuza. Zile zilizoshika hazitoki. Kisha tunaweka dawa inayozishika kingamwili za binadamu na yenye rangi inayong'aa, tunasubiri tena, tunasuuza tena.

Taa zinazimwa. Ukiinamia hadubini, damu isiyo na kitu inakupa giza la kijani kibichi kilichofifia, seli zinaonekana kama vivuli. Iliyo chanya inakuwasha macho: mamia ya viini vya duara, vya kijani kama tunda la tufaha, vingine vimeng'aa vyote sawasawa, vingine vimejaa madoadoa, vingine vina nukta chache za mwanga katikati.

Tukiona mng'ao, tunazimua mara mbili zaidi: 1:160, 1:320, 1:640. Tunaandika kiwango cha mwisho ambapo mwanga bado upo. Kwa hiyo 1:640 ni kingamwili nyingi kuliko 1:80. Wengi hudhani namba kubwa baada ya nukta mbili ni sehemu ndogo, kama kwenye hesabu za mgawanyo wa shamba, wakafurahi mahali si pa kufurahi.

Aliyeko kwenye hadubini ni mtu. Wataalamu wawili wanaweza kupishana hatua moja, huyu akaandika 1:160 na yule 1:320, na wote wawe wamefanya kazi nzuri. Usihangaike na tofauti hiyo.

## Hatua ya 6: Soma karatasi mstari kwa mstari

Mstari wa kwanza: hasi au chanya. Hasi kwa hadubini kuanzia 1:80 ni habari nzito. Katika wagonjwa 100 wa lupasi, karibu 98 huwa chanya kwa kiwango hicho. Kwa hiyo ANA hasi inaisukuma lupasi mbali sana. Haisukumi mbali baridi yabisi, wala ugonjwa wa tezi, wala miastenia (ugonjwa wa misuli kulegea). Yule wa shati na vifungo hapo juu alihitaji vipimo vingine kabisa.

Mstari wa pili: kiwango. 1:80 bila dalili wala mabadiliko kwenye damu na mkojo, mara nyingi si kitu. 1:160 ni eneo la kati. 1:640 na kuendelea inastahili kufuatiliwa kwa makini, hata hivyo wapo wanaoishi nayo bila ugonjwa. Wanawake, wazee, na ndugu wa wagonjwa wa lupasi huwa chanya mara nyingi zaidi.

Mstari wa tatu: mchoro wa mng'ao. Maabara nyingi sasa hutumia namba za kimataifa zinazoanza na herufi AC.

- AC-1, mng'ao sawa kiini kizima: tafuta dsDNA, na pia kingamwili za histoni ambazo huonekana kwa lupasi iliyoletwa na dawa.
- AC-4 na AC-5, madoadoa: tafuta Sm, RNP, Ro na La.
- AC-3, nukta zinazohesabika za sentromia: skleroderma (ugonjwa wa ngozi kukakamaa) ya aina yenye mipaka.
- AC-8 hadi AC-10, vinukta vikubwa ndani ya kiini: skleroderma pia.
- AC-2, madoadoa laini yaliyosongamana: mara nyingi ni mtu asiye na ugonjwa wa aina hii, hasa kama hakuna kingamwili nyingine.

Mchoro ni dalili ya njia ya kufuata, usiupe kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Mstari wa nne: kipimo na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Kwa vipimo vyenye namba, kama dsDNA, linganisha na safu ya kawaida iliyoandikwa pembeni. Usilinganishe na karatasi ya rafiki yako iliyotoka maabara nyingine.

Onyo. Usiitafute karatasi hiyo kwenye intaneti saa sita usiku. Utakutana na wagonjwa wa hali ya juu kabisa na utajiona mmoja wao.

*Umefaulu ukiweza* kusema: "ANA yangu ni chanya, kwa hadubini, kiwango fulani, mchoro fulani." Sentensi hiyo moja humpunguzia daktari nusu ya kazi.

## Hatua ya 7: Vipimo vya pili, pale vinapohitajika

dsDNA. Ikiwa juu, pamoja na dalili, inaelekeza kwenye lupasi kwa nguvu. Hupanda na kushuka na ugonjwa kwa wagonjwa wengi, hasa wa figo.

Sm. Wagonjwa wa lupasi wengi hawana. Aliye nayo, kwa kawaida ana lupasi.

Ro na La. Ukavu wa macho na mdomo wa ugonjwa wa Sjögren, na lupasi. Mwanamke mwenye Ro anayetaka mtoto lazima aambiwe: kingamwili hii inapita kwenye kondo la nyuma, na kwa takriban mimba 1 au 2 kati ya 100 inaharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto. Mapigo ya mtoto yafuatiliwe, hasa kati ya wiki ya 16 na 26, na daktari atazungumza naye kuhusu haidroksiklorokwini, dawa inayotumika pia kutibu lupasi.

RNP. Kwa kiwango kikubwa, ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi.

Scl-70. Skleroderma, na mapafu yachunguzwe.

Kingamwili za fosfolipidi. Ni tatu: lupasi antikoagulanti, kadiolipini na beta-2 glaikoprotini. Hizi ni za aliyewahi kuganda damu au kupoteza mimba. Zikiwa chanya zirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi ya kupita huzileta kisha zikaondoka.

C3 na C4. Hizi si kingamwili. Ni protini ambazo hutumika vita vinapowaka, kwa hiyo zikishuka ugonjwa unaweza kuwa unaendelea.

## Hatua ya 8: Rudi kwa daktari na vitu vyote mezani

Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani vilitoa mfumo wa alama za lupasi. Uliundwa kwa ajili ya tafiti, na daktari anaweza kutibu lupasi hata alama zisipotimia. Ila unafundisha jinsi ya kufikiri.

ANA ya 1:80 ni tiketi ya kuingia tu. Yenyewe haina alama hata moja. Viungo vilivyovimba au vinavyouma na kukakamaa asubuhi ni alama 6. dsDNA au Sm ni 6. Protini kwenye mkojo inayozidi nusu gramu kwa siku ni 4. Chembe nyeupe za damu kushuka ni 3. Zinahitajika 10, na lazima angalau kitu kimoja kitoke kwenye mwili wenyewe. Mtu mwenye kingamwili zote za dunia lakini hana dalili wala madhara kwenye kiungo chochote, hapiti.

Weka mezani daftari, picha, mkojo, damu, kisha kingamwili. Kwa mpangilio huo.

*Umefaulu* ukitoka na moja ya majibu matatu: ugonjwa fulani na matibabu yake, hakuna ugonjwa na sababu ya kusema hivyo, au bado haijulikani, rudi tarehe fulani, na ukiona dalili hizi njoo mapema. Jibu la tatu linachosha, najua, lakini ni la kweli kwa watu wengi. Magonjwa haya huja polepole, na kingamwili zinaweza kutangulia dalili kwa miaka.

## Kama kinachoshukiwa si lupasi

Baridi yabisi. Pima kingamwili mbili, RF na anti-CCP, pamoja. RF hutoka chanya kwa wazee wengi na kwa wenye maambukizi. Anti-CCP hukosea mara chache zaidi ikiwa chanya. Lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana hiyo, kwa hiyo vidole vilivyovimba kwa wiki sita vitibiwe kama vidole vilivyovimba, karatasi iseme itakavyo.

Tezi dundumio, ile ya shingoni. Anza na TSH, homoni inayoiamrisha tezi. Kingamwili ya TPO ipo kwa watu wengi wenye tezi inayofanya kazi vizuri. Ya kipokezi cha TSH husaidia kuthibitisha ugonjwa wa Graves, yaani tezi kufanya kazi kupita kiasi.

Kisukari. Kijana mwembamba, au mtu mzima ambaye vidonge havimsaidii, anaweza kupimwa kingamwili ya GAD ili kujua kama ni aina ya kwanza. Akihitaji insulini apewe, kipimo kitamfuata.

Miastenia. Kope zinazolegea jioni, kuona vitu viwili viwili. Kipimo ni cha kipokezi cha asetilikolini. Ugonjwa ukiwa umebaki machoni tu, karibu nusu ya wagonjwa hutoka hasi.

Siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. Kipimo ni kingamwili ya tTG ya IgA, pamoja na IgA yote kwa jumla. Kosa linalojirudia ni mtu kuacha chapati, mkate na maandazi miezi mitatu kisha akaja kupima. Kingamwili zimeshashuka. Pima ukiwa bado unakula ngano. Ugali wa mahindi hauhusiki.

## Usisubiri majibu ukiona haya

Nenda hospitali siku hiyo hiyo: uso na miguu kuvimba na mkojo wenye povu au damu, degedege au kuchanganyikiwa, kifua kubana au pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kushindwa kumeza au kupumua, macho kupoteza nuru ghafla. Madaktari wanaweza kuanza matibabu kabla ya ANA kutoka. Bahasha itawakuta wodini.

## Kurudia vipimo

ANA iliyokwisha kuwa chanya hairudiwi kila mwezi. Haipimi kama unapona. Vinavyofuatiliwa kwa mgonjwa wa lupasi ni mkojo, kreatinini, picha kamili ya damu, dsDNA, C3 na C4. Nimeona familia zikiuza mbuzi kulipia ANA ya nne, na mkojo haujapimwa mwaka mzima. Kama fedha ni kidogo, mwambie daktari wazi, mpange pamoja kipi kitangulie.

## Na dada zangu, na wao wapimwe?

Hili huulizwa na kila mgonjwa mpya, mara nyingi akiwa ameshashika mlango wa kutokea. Kama hawana dalili, hapana. Baadhi yao wanaweza kutoka chanya kwa sababu tu ni ndugu zako, na utakuwa umewapa hofu isiyo na dawa. Waonyeshe badala yake orodha ya hatua ya kwanza: saa ya asubuhi, tochi ya kaakaa, povu la mkojo. Mmoja akisema "hilo ninalo", aanze na daftari.